Koti la Chumba cha Nne

Mlango wa chumba cha nne cha kujaribia nguo ulikuwa umefungwa kwa ndani, na duka ndiyo kwanza linafunguliwa.

Meneja alisimama na rundo la hanga mkononi, akaukodolea macho. Komeo la mlango ule lilivunjika miaka miwili iliyopita. Mara tatu aliomba seremala, na mara tatu Bosi alimjibu kwa ujumbe wa sauti, kwa ile sauti yake ya kuburuza maneno: "Meneja wangu, tuuze kwanza, komeo baadaye." Sasa mlango usio na komeo unajifungaje?

Akasukuma. Haukwenda. Akasukuma kwa bega. Kitu kwa ndani kikasukuma vilevile, kwa nguvu ileile, si zaidi wala pungufu, kama mtoto anayekuigiza. Kisha kikaachia ghafla, na Meneja akaingia kwa kishindo, nusura apasue kioo kwa paji la uso.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na stuli, kioo, ndoano, na kwenye ndoano lile koti. Kulikuwa na harufu ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi, na chini ya harufu hiyo nyingine, nyembamba, ya nywele zilizoguswa na pasi ya moto. Koti lilikuwa limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Jana jioni aliliacha wazi. Akaligusa. Lilikuwa na joto la mwili, kama limevuliwa sasa hivi.

"Bi Fundi!" aliita. "Nani ameingia huku?"

Bi Fundi, mama mtu mzima aliyepunguza na kupinda nguo za wateja kwenye kona ya cherehani, alijibu bila kuinua kichwa, pini zikiwa mdomoni. "Aingie nani, mwanangu, na funguo unazo wewe?"

Koti lenyewe lilikuwa la sufu nzito, jeusi, la kupita magoti. Liliagizwa kimakosa miaka minne nyuma, na tangu siku hiyo hakuna mteja aliyelitupia jicho la pili. Lilipunguzwa bei mpaka aibu. Bosi alikataa lisitolewe hata bure, maana bidhaa, alisema, haitoki dukani bila kuuzwa. Basi likatundikwa chumba cha nne, chumba kibovu ambacho wateja hawakukitumia, na huko likapata kazi.

Kazi hiyo aliibuni Meneja mwenyewe. Sheria ya kwanza ya Bosi, iliyobandikwa nyuma ya kaunta, ilisema mfanyakazi hajibizani na mteja, hanuni, halii. Sawa. Lakini mtu aliyetukanwa saa tatu asubuhi kwa sababu suruali ya mwaka jana haimpiti tena mteja kiunoni, machozi yake ayapeleke wapi? Ayaweke kwenye rafu gani? Kwa hiyo Meneja akawafundisha wasichana wake wawili wa mauzo: ukizidiwa, sema "naenda kupima", ingia chumba cha nne, zika uso kwenye koti, piga kelele mpaka uishe. Sufu ile ilimeza kila kitu. Ungesimama nje ya mlango usisikie hata mguno. Unatoka, unajipangusa, unatabasamu.

Na hakuna aliyekwenda kupima kama Meneja. Wasichana walitukanwa na wateja tu. Yeye alitukanwa na wateja kwa ajili ya wasichana, akatukanwa na Bosi kwa ajili ya wateja, na wasichana wakamnunia kwa ajili ya Bosi. Wakimsengenya walimwita Madam Samahani, kwa kuwa neno hilo lilimtoka kuliko pumzi.

Jana yake ndipo alipokosea.

Alikuja Mama Risiti. Waliompa jina hilo ni wauzaji, kwa sababu hakuwahi kuwa nayo. Akabwaga gauni juu ya kaunta.

"Halijavaliwa hili. Nataka hela yangu."

Kwapa zilikuwa na michirizi myeupe ya manukato. Kwenye pindo kulikuwa na doa la mchuzi lenye ukubwa wa kiganja.

"Samahani, mama, hapa naona kama kuna..."

"Unaona nini? Eti? Unaniita mwongo mbele za watu? Mpigie tajiri wako. Mpigie! Au nimpigie mimi, namba yake ninayo."

Bosi hakuuliza hata swali moja. "Mrudishie. Halafu umwombe radhi, na uiombe kwa sauti, wengine wasikie."

Akaiomba kwa sauti. Wengine wakasikia. Kisha akaenda kupima, lakini safari hii hakupiga kelele, hata nguvu ya kelele hakuwa nayo. Aliegemeza paji la uso kwenye sufu na kusema taratibu, kama mtu anayezungumza na shoga yake: "Wewe umesikia yote. Miaka minne unasikia. Basi nisemee. Mimi nimechoka, nisemee wewe."

Koti likashusha pumzi. Yeye akadhani ni feni.

Sasa, saa nne za asubuhi ile ya mlango uliojifunga, Mama Risiti alirudi kuzitumia zile hela. Aliingia chumba cha tatu na blauzi sita. Meneja alikuwa amepiga magoti kando ya cherehani, anamshikia Bi Fundi pindo la sketi, pini nne zimebanwa midomoni mwake, pale ambapo kupitia ukuta mwembamba wa chumba cha nne sauti ilianza kusema, ya upole, inayosikika duka zima.

"Gauni halikuwa na kosa, mama. Ulilivaa kwenye sherehe, ukalitia jasho, ukalimwagia mchuzi, kisha ukaja kuniambia macho yangu mabovu. Wewe ni mwizi mwenye mkoba mzuri. Na hiyo uliyovaa sasa imekubana, unajua imekubana, na shoga zako watakusifia mpaka ugeuke mgongo."

Ilikuwa sauti ya Meneja. Kikohozi chake kidogo kabla ya neno la mwisho, kilikuwemo. Bi Fundi akageuza shingo polepole akamtazama mdomo. Pini nne, zote zipo.

Mama Risiti alitoka zipu ikiwa nusu mgongo, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, akapita mlangoni bila kusema hata "mtanitambua."

"Mwanangu," Bi Fundi alinong'ona, "nani yule?"

Meneja alitema pini kiganjani. Alitaka kuogopa. Lakini kusema kweli alifurahi. Nani asingefurahi? Alicheka mpaka akashika mbavu, na Bi Fundi hakucheka naye.

Jioni alifika nyumbani bado anatabasamu. Bintiye wa miaka sita alikuwa ubarazani anachora chini kwa chaki, mgongo umegeuka. Walimwita Chiriku, tangu anaamka ni maneno mpaka usingizi umkate katikati ya sentensi. Mama yake akafungua mdomo amwite Chiriku, na jina halikutoka. Hakulisahau. Aliliona kabisa kichwani, herufi zote, ila lilipofika ulimini palikuwa patupu, kama mtu anayetia mkono mfukoni na kukuta tundu. Akajaribu tena. Hewa tupu.

"Mwanangu," alisema hatimaye.

"Mama! Mbona umenyamaza hapo kama mdoli wa dirishani?"

Alijiambia ni uchovu.

Siku iliyofuata Bosi alipiga simu ya kaunta kumfokea kuhusu Mama Risiti. Meneja aliweka simu sikioni na kabla hajavuta pumzi, sauti yake mwenyewe ilijibu kutoka chumba cha nne na kutoka ndani ya simu kwa pamoja, ikamwambia Bosi kwamba duka analiendesha mtu asiyejua hata saizi ya shati lake, na kwamba akitaka radhi zaidi aje azichukue mwenyewe. Bosi akakata. Jioni ile Meneja alishindwa kumwambia mtoto "lala salama." Keshoye mteja mwingine akasemwa, na "njoo nikusuke" ikaondoka. Halafu "pole". Halafu "mama", neno alilomwitia mama yake mzazi, bibi yake Chiriku, aliyekaa nao na kumpikia mtoto mchana.

Ilipofika Alhamisi alikuwa amebaki na maneno ya dukani tu. Karibu. Samahani. Saizi gani? Tuna rangi zote. Imeisha. Tumefunga. Na hapa ndipo mtu anapotaka kuvunja kitu: dukani hakuna aliyegundua. Alifanya kazi siku mbili kwa maneno hayo sita, akatabasamu, akakunja, akatundika, na Bosi akatuma ujumbe wa sauti kwamba anaona meneja wake ametulia, sasa amekuwa mtu wa kazi.

Nyumbani ndiko walikogundua. Chiriku aliota vibaya, akaja kumshika mkono akilia.

"Mama, nimeota mtu hana uso."

"Karibu," mama yake alimwambia, machozi yakimtiririka. "Samahani. Tuna rangi zote."

Mtoto akauachia mkono wake, akarudi nyuma hatua mbili, akakimbilia kwa bibi yake.

"Unamchezea mtoto namna hiyo?" bibi aliuliza kwa ukali. "Hebu zungumza kama mtu!"

Ijumaa alasiri alikwenda mwenyewe kumchukua shuleni, ili amkumbatie tu, kukumbatia hakuhitaji maneno. Njiani walimwona mtoto wa jirani ng'ambo ya barabara na Chiriku akamchomoka mkononi kumfuata. Pikipiki ilikuwa inakuja kwa kasi upande asioutazama. Meneja aliiona. Alikuwa na muda, ule muda mdogo ambao kila mzazi anaujua, unaotosha kwa neno moja tu, na akalikusanya neno hilo kutoka tumboni kwa nguvu zake zote, *simama*, akafungua kinywa, na kilichotoka, kwa sauti tamu, safi, ya kaunta, kikawa: "Karibu!"

Mtoto akaendelea kukimbia.

Dereva alilala na pikipiki ubavuni ili asimgonge. Chiriku alitoka na goti lililochunika. Dereva alitoka na matusi yake, na kila tusi lilikuwa la haki.

Asubuhi ya Jumamosi Meneja alimwandikia Bi Fundi nyuma ya kadi ya bei, kwa kuwa mkono wake ulikuwa bado na maneno yote. Aliandika kuhusu koti, kuhusu *nisemee*, kuhusu barabara. Bi Fundi akasoma, akazima cherehani, akatoka kupiga simu.

Mganga aliyekuja mchana hakuwa na kibuyu wala manyoya. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani puani, mkoba begani, na kitu cha kwanza alichofanya ni kugeuza kadi ya bei ya blauzi iliyokuwa karibu na mlango.

"Hii? Kwa kitambaa hiki?" Akaguna. "Halafu mnasema majini ndio wabaya."

Wasichana wa mauzo walipelekwa nje. Kibao cha mlangoni kikageuzwa upande wa "Tumefunga". Mganga akatembea kati ya nguo akinusa, akasimama mbele ya chumba cha nne, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani kama kawaida yake mpya, akagonga kwa kifundo cha kidole.

"Hodi."

"Karibu," ilijibu sauti ya Meneja. Meneja alikuwa amesimama nyuma ya mganga, mkono wa Bi Fundi mkononi.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni meneja."

"Meneja huyu hapa."

"Huyo?" Sauti ikacheka kidogo, ikakohoa kile kikohozi. "Huyo ana nini? Mwambieni ataje jina la mwanawe."

Mganga hakuondoa macho mlangoni. "Umefuata nini hapa?"

"Sikufuata. Nililetewa. Nimelishwa humu miaka minne, asubuhi na jioni, vya moto vikitoka kifuani. Nikanenepa. Kisha nikatumwa. Aliyenituma ndiye wa kuniachisha kazi, si wewe na mkoba wako."

"Umesikia?" mganga alimnong'oneza Meneja. "Amesema kweli, na hiyo ndiyo dawa yake. Mwachishe. Kwa mdomo wako, si wangu."

"Sa... samahani," alisema Meneja, na sauti mlangoni ikacheka tena.

Wakati huo funguo ziligonga kioo, na Bosi akaingia, shati limemtoka kwenye suruali.

"Jumamosi! Jumamosi ya punguzo mnageuza kibao! Wateja wamejaa nje! Nani huyu? Bi Fundi, unalipwa kukaa kushikana mikono?"

"Huyo amekuja," ilisema sauti, na sasa ilikuwa imeshuka, ikawa ya karibu, ikasikika ndani ya sikio la Meneja peke yake, na ile harufu ya nywele na pasi ikampanda puani mpaka macho yakamwasha. "Nimwambie? Nimwambie yote, ya likizo uliyonyimwa mama yako alipolazwa, ya kusimama siku nzima na mimba ya miezi minane huku viti viwili vimewekwa kwa ajili ya waume wa wateja, ya mwaka jana alipokuita ng'ombe mbele ya wasichana na wewe ukasema samahani, ya kila samahani, ninazo zote, nimezitunza kuliko ulivyozitunza wewe, na nitazisema kwa mpangilio, kwa ufasaha, bila kulia, jinsi ulivyokuwa ukiota kuzisema ukiwa umelala macho, ila kaa kimya tu, mwanamke, kaa kimya mara hii moja kama ulivyozoea, nami nitakusemea mpaka mwisho na hutahitaji mdomo tena maisha yako yote."

Na alitaka. Mungu anajua alitaka. Alimtazama Bosi, kidole kimeinuliwa, mate pembeni mwa mdomo, na mwili wake mzima ulitamani kusikia mtu yule akisemwa, na ulimi ukaanza kulala wenyewe, mzito, mtamu, na laiti asingeona mbele ya macho yake mgongo mdogo wenye begi la shule ukikimbia kuelekea barabarani, angeulaza moja kwa moja. Akauinua. Akapekua alichobakiwa nacho kama mtu anayepekua sanduku lililoibiwa: karibu, hapana, saizi gani, hapana, imeisha, hapana.

"Tumefunga," alisema.

"Nani kakwambia umefunga?" Bosi alifoka. "Duka la baba yako?"

Meneja hakumgeukia. Aliweka viganja viwili kwenye mlango wa chumba cha nne. Kwa ndani viganja viwili vikawekwa palepale, vya joto, na kusukuma.

"Tumefunga."

"Usiniachishe," sauti ilisema, na kwa mara ya kwanza iliogopa, na kuogopa kwake kulikuwa na sauti ya Meneja pia, ile ya kulia usiku kimyakimya. "Nani atakusemea?"

"TUMEFUNGA!"

Kitu kilichanika, kwenye sufu au kwenye koo lake, hakujua. Mlango ukafunguka. Baridi ikatoka, na pamoja na baridi maneno, yakimrudia kifuani kwa fujo, pole na lala salama na njoo nikusuke na mama na simama, akikohoa na kulia na kuyameza, mpaka akapata yale aliyoyahitaji. Akamgeukia Bosi.

"Mimi si ng'ombe," alisema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, mbaya, na ya kwake. "Na sina radhi ya kukuomba tena. Zimekwisha."

Bosi alimtazama kama mtu anayetazama nguo yenye kasoro. "Umemaliza? Basi toka."

"Ngoja," mganga akaingilia. "Asitoke bado. Mwanangu, kaa chini, yahesabu maneno yako, moja moja, uone kama yote yamerudi. Ukivuka mlango huo, lililobaki limebaki. Na hilo koti lazima litoke leo, nikalizike."

"Bidhaa haitoki dukani bila kuuzwa," alisema Bosi. Alikuwa ameshamshika Meneja mkono. "Na nyinyi wachawi hamkai hapa dakika moja zaidi. Wateja wanapiga kioo, hamsikii? Nje! Nje, wote!"

"Dakika tano tu, baba, kwa ajili ya..." Bi Fundi alisihi.

"Nje!"

Akawasukuma mpaka barazani, akageuza kibao, na wateja wakawapita kwa viwiko. Mganga alisimama juani akifuta miwani. "Ametoka kwako," alisema. "Dukani sikuahidi."

Jumapili ilikuwa siku nzuri kuliko zote walizowahi kuwa nazo. Meneja aliongea mpaka bibi akamwambia apumzike. Alimsimulia mtoto hadithi, akamwomba msamaha wa kweli, akamtania goti lake. Alimwita mwanangu, akamwita mama, akamwita kipenzi, akamwita roho yangu. Kila alipotaka kumwita jina lake, ulimi uliteleza ukapata jingine. Aliligundua hilo. Litarudi, alijiambia. Mengine yamerudi.

Jumatatu asubuhi alikuwa ubarazani anamsuka kabla ya shule, mtoto ameketi katikati ya magoti yake, anapiga soga na chanuo. Simu ilikuwa chumbani kwenye chaji. Chiriku mwenyewe ndiye aliyekwenda kuileta.

"Mama, Bi Fundi amepiga mara nne. Na kuna ujumbe wa sauti. Nibonyeze?"

Mikono yake ilikuwa imejaa nywele na mafuta. "Bonyeza."

Ulikuwa wa Bosi, katika kundi la wafanyakazi, ambako alikuwa hajamwondoa. "Jamani, mfano wa mfanyakazi ndio huu. Meneja wetu tulikwaruzana Jumamosi, yakaisha. Leo nimefika nimemkuta ameshafungua, yuko huko nyuma kwenye vyumba, anahudumia watu, wala hajalalamika. Hebu msikilizeni anavyopokea wateja."

Simu ikakwaruza, ikielekezwa kwingine. Hanga ziligongana. Cherehani haikusikika.

"Karibu," ilisema sauti yake, tamu, safi, isiyochoka. "Samahani. Saizi gani? Tuna rangi zote."

Mikono ya Meneja ilisimama kwenye nywele. Akaiona simu kwenye kiganja kidogo, mbali kidogo tu na vidole vyake vyenye mafuta, akanyoosha mkono, na ndani ya simu sauti ikanyamaza kama mtu anayetega sikio, ikakohoa kile kikohozi, kisha ikaita kwa upendo wote wa mama aliyerudi kazini jioni:

"Chiriku!"

"Abee, mama!" mtoto akaitikia.